Mama anameza Lasix lakini miguu haipungui. Je, tumeuziwa dawa feki?

Dada Mfamasia, habari za kazi.

Naishi Mbagala, ila hili ni la mama yangu aliyeko Muheza. Ana miaka 67. Mwaka jana alianza kuchoka hovyo. Akipanda kile kilima cha kwenda kwa dada yake anasimama mara mbili tatu kuvuta pumzi, na ikifika jioni miguu imejaa mpaka ndala hazimwingii. Tulimpeleka hospitali akafanyiwa ultrasaundi ya moyo, tukaambiwa moyo umetanuka na hausukumi damu vizuri. Akaandikiwa Lasix ya miligramu 40, Aldactone ya 25 na enalapril ya 5.

Kusema kweli mwanzoni dawa ilifanya kazi. Alikojoa mpaka akawa analalamika, miguu ikanywea, akarudi shambani kuangalia machungwa yake. Alipokwenda kliniki mara ya pili miguu ilikuwa imeanza kurudi kidogo, wakamwongezea Lasix, bahasha ikaandikwa 1x2. Sasa anameza kimoja asubuhi baada ya chai na kingine saa mbili usiku akienda kulala. Usiku anaamka mara nne, mara tano, na choo chetu kiko nje. Juzi aliteleza penye karo, bahati nzuri akawahi kushika ukuta.

Shida yenyewe ni hii: kwa wiki mbili sasa dawa haifanyi kazi. Miguu imejaa hadi magotini, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Tumbo nalo limejaa, anasema akila matonge mawili ameshiba. Mdogo wangu anayekaa naye akampa vidonge viwili kwa mpigo, lakini wapi, mkojo ni ule ule. Boksi la mwezi huu tulinunua duka jingine la dawa kwa sababu la siku zote walikuwa wameishiwa. Kaka yangu anasema tumeuziwa feki. Boksi nimesema litunzwe. Nitajuaje kama ni feki? Na je, tumpe vitatu?

Kuna mengine madogo madogo. Akiwa na safari hamezi kabisa. Alipokuja Dar kwenye hitima ya baba mdogo alikaa siku mbili bila dawa, anaogopa mkojo umbane na basi halisimami. Magoti yanamsumbua, lakini hapo tumepata nafuu, duka la dawa walimpa diclofenac, anameza asubuhi na jioni na inamsaidia sana. Chumvi amepunguza, hilo amelishika, ila chakula bila chumvi hakimpandi kwa hiyo anasindikizia ng'onda kidogo. Jirani alimwambia Lasix inamaliza madini mwilini, basi kila siku anakunywa madafu mawili na ndizi juu yake. Usiku analalia mito mitatu, anasema ni joto. Halafu wifi yangu ana mimba ya miezi saba, miguu imevimba, mama kamgawia vidonge vyake vitatu. Kuna ubaya?

Mwisho, mama mwenyewe anauliza atazimeza hizi dawa mpaka lini. Na Ramadhani inakuja, anataka kufunga.

Binti wa Muheza, Mbagala

*

Mdogo wangu, pole kwa kuuguza kwa mbali. Naanza na jambo ambalo hukuliuliza: mito mitatu.

Hiyo si habari ya joto. Mtu mwenye moyo dhaifu akilala chali, maji yaliyokuwa miguuni mchana kutwa hurudi kwenye mzunguko wa damu, moyo unalemewa, maji yanajikusanya kwenye mapafu. Ndiyo maana anajiinua kwa mito bila hata kujua kwa nini anajiinua. Ukijumlisha na tumbo kujaa, kushiba kwa matonge mawili, na uvimbe uliopanda hadi magotini, mama yako hahitaji ushauri wa gazetini. Anahitaji kupimwa. Mpigie mdogo wako leo, kesho asubuhi wawe hospitali. Ikitokea hata usiku wa leo anahema akiwa amekaa, anakohoa makohozi yenye povu, amezimia, ameanza kuchanganyikiwa, au mkojo umekatika kabisa, wasisubiri kupambazuke. Na vitatu msimpe.

Sasa tuje kwenye feki. Dawa bandia zipo, kaka yako hajasema jambo la ajabu. Angalieni kama boksi na pakiti za ndani vina namba ya toleo ileile na tarehe ileile ya mwisho wa matumizi, kama maandishi yamepinda au herufi zimekosewa, kama vidonge vinameguka mkononi au rangi yake ina madoa. Mkiwa na shaka, boksi hilo likabidhiwe kwa mfamasia wa hospitali, yeye anajua namna ya kulifikisha TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambao ndio wenye mamlaka ya kulipima. Mmefanya vizuri kulitunza.

Lakini kwa barua yako jinsi ilivyo, sidhani kama mnahitaji boksi feki ili kueleza kilichotokea. Hata Lasix halali kabisa ingeshindwa kwenye nyumba hiyo.

Kwanza tumbo. Kidonge cha furosemaidi, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Lasix, lazima kipite kwenye utumbo kiingie kwenye damu, kisha kifike kwenye figo. Hata kwa mtu mwenye tumbo zima, kwa wastani ni kama nusu tu ya dawa inayoingia, na tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa mno. Moyo ukishindwa, utumbo nao huvimba kwa maji, dawa inaingia taratibu na haifikii kile kiwango kinachoiamsha figo. Kwa hiyo mgonjwa anameza, anasubiri, haoni kitu. Akiongeza kidonge cha tatu kinafuata njia ileile iliyoziba. Hospitali watamchoma sindano ya mshipa, ambayo haipiti tumboni, na mara nyingi mkojo huanza ndani ya dakika chache. Uvimbe wa utumbo ukishapungua, vidonge vilevile vinarudi kufanya kazi. Vidonge viwili kwa mpigo bila mkojo kuongezeka ni taarifa ya kumpelekea daktari.

Pili, na hapa ndipo penye kesi yenyewe, ile diclofenac. Umeiandika kama habari njema. Mimi niliposoma mstari huo niliweka kalamu chini.

Figo zina kemikali zinazozisaidia kuacha mishipa yake midogo wazi ili damu ipite vizuri na chumvi ya ziada itoke. Diclofenac inatuliza maumivu kwa kuzuia utengenezaji wa kemikali hizohizo mwili mzima, haichagui goti. Matokeo yake figo zinakamata chumvi, na chumvi inakamata maji. Lasix inavuta huku, diclofenac inarudisha kule. Kibaya zaidi, mama anameza pia enalapril, ambayo nayo inagusa shinikizo la damu ndani ya figo. Dawa hizo tatu zikikutana, yaani dawa ya kukojosha, dawa za jamii ya enalapril au losartan, na dawa za maumivu za jamii ya diclofenac, figo zinaweza kuumia ndani ya siku chache, hasa kwa mtu mzima kama mama. Kila mfamasia amefundishwa kuuogopa mchanganyiko huo. Mwulize mdogo wako diclofenac ilianza lini. Sitashangaa ukisikia ni wiki mbili au tatu zilizopita.

Simlaumu sana mhudumu wa duka. Aliombwa dawa ya magoti akatoa dawa ya magoti. Hakuambiwa kuhusu moyo, na yeye hakuuliza. Ndiyo maana huwa nasisitiza mgonjwa wa moyo akienda dukani aanze kwa kusema, "Mimi natumia Lasix na enalapril," kabla hajataja kinachomuuma.

Basi diclofenac ikome leo. Na zisije zikaingia ndugu zake kwa mlango wa nyuma: ibuprofen, meloxicam, piroxicam, naproxen, na zile sindano za maumivu. Soma pakiti vizuri, maana vipo vidonge vinavyouzwa kama dawa ya maumivu ambavyo ndani yake mna diclofenac na paracetamol kwa pamoja. Magoti ya mama yapewe paracetamol ya kawaida, vidonge viwili vya miligramu 500, mara tatu kwa siku inatosha kama ini lake halina tatizo. Nasema ya kawaida kwa sababu ile ya kuyeyusha kwenye maji, inayotoa povu, ina sodiamu nyingi. Vivyo hivyo Eno na poda nyingine za kutuliza tumbo: zimetengenezwa kwa magadi, kwa hiyo kila glasi anayokunywa anajiongezea sodiamu.

Tatu ni ng'onda. Nimecheka kidogo hapo, unisamehe. Mama ametoa chumvi kwenye sufuria akairudisha kwenye sahani. Samaki yule amehifadhiwa kwa chumvi tangu alipotoka baharini, na hata ukimloweka na kumwaga maji mara mbili bado inabaki ya kutosha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai ambacho hakijajaa, na hapo panahesabiwa kila kitu, mkate na viungo vya pakiti vya mchuzi vikiwemo. Kitu kingine kinachosahaulika Tanga nzima ni magadi kwenye maharage, kwenye makande, kwenye mboga za majani. Watu hawayahesabu kuwa chumvi kwa sababu hayakolezi vilevile, ilhali yamejaa sodiamu. Tui la nazi, ndimu, kitunguu saumu, pilipili na tangawizi vinaweza kumwokoa mama na chakula cha hospitali. Samaki apikwe mbichi, changu au kibua, ambaye Muheza hafiki kwa shida.

Sasa ile 1x2. Hili ni kosa letu sisi tunaoandika bahasha zaidi kuliko la mgonjwa. Tunaandika 1x2, mgonjwa anasoma asubuhi na usiku, kama alivyozoea kwa dawa nyingine. Lasix ya kumeza huanza kazi ndani ya saa moja, nguvu yake kubwa iko kwenye saa ya kwanza na ya pili, kisha inaendelea mpaka saa sita au nane tangu kumezwa. Ukiimeza saa mbili usiku umejipangia kazi ya kuamka hadi alfajiri. Cha kwanza akimeze saa moja au saa mbili asubuhi, cha pili saa nane mchana. Hadi saa mbili usiku mkojo mwingi umeshatoka na mama analala. Akisahau cha mchana, akimeze anapokumbuka ilimradi haijapita saa kumi jioni. Ikishapita, akiache hadi kesho, na kesho asimeze viwili kufidia.

Na pale penye karo, tafadhali. Mzee anayeamka usiku na dawa ya kukojosha mwilini yuko katika hatari ya namna mbili: presha inashuka anaposimama ghafla, na sakafu imelowa. Kabla ya kuinuka akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe miguu, ndipo asimame. Wekeni ndoo yenye mfuniko chumbani kwa ajili ya usiku. Hakuna aibu hapo. Nyonga ikivunjika katika umri wa miaka 67, moyo ukiwa hivyo, hayo ni matatizo mengine kabisa.

Kitu ambacho ningependa mnunue kabla ya boksi jingine la dawa ni mizani ya kusimamia. Sisi tunaangalia miguu, lakini miguu inachelewa kusema. Mtu anaweza kubeba kilo kadhaa za maji kabla ndala haijambana. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mwili haunenepi kilo mbili kwa siku tatu kwa sababu ya ugali. Apime kila asubuhi, akishakojoa, kabla hajanywa chai, akiwa na khanga tu, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu na si juu ya mkeka. Mdogo wako aandike kwenye daftari, tarehe na kilo. Uzito ukipanda kwa zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, wapige simu kliniki au waende siku hiyohiyo, hata kama anajisikia mzima.

Daftari hilo linasaidia na upande wa pili. Uzito ukishuka kuliko ule alioambiwa ndio wake, mdomo unakauka, anaona kizunguzungu akisimama, mkojo umekuwa mchache na mweusi, hapo dawa imezidi na huenda apunguziwe. Wengi wanaijua hatari ya maji kubaki mwilini, wachache wanajua kwamba dawa hii inaweza kumkausha mtu mpaka figo zikagoma.

Ndiyo maana kuna siku za kusimamisha. Mama akiharisha, akitapika, au akiwa na homa kali asiyoweza kula wala kunywa, wapige simu kliniki siku hiyohiyo kabla ya kumpa Lasix, Aldactone na enalapril. Mara nyingi huambiwa azipumzishe mpaka aanze kula na kunywa kawaida, lakini kwa mgonjwa wa moyo uamuzi huo uwe wa anayemtibu. Mwombeni awaelekeze mapema, siku mkiwa naye kliniki, msingoje kuharisha kuanze.

Kuhusu maji ya kunywa, kuna ushauri unaozunguka kwenye simu za watu wa kunywa lita tatu kila siku kusafisha figo. Usimfikie mama. Ulizeni daktari kama anamwekea kiwango. Wagonjwa ambao moyo umelemewa sana huambiwa wasizidishe lita moja na nusu au mbili kwa siku, chai, uji na mchuzi vikiwa ndani ya hesabu. Akiwekewa lita moja na nusu, asubuhi mnajaza chupa ya kiasi hicho, na kila anachokunywa nje ya chupa mnamwaga kiasi hichohicho kutoka ndani yake.

Safari haina haja ya kufuta dawa. Siku ya basi kidonge cha asubuhi kinaweza kusogezwa. Akitoka Muheza saa moja asubuhi na kufika Dar mchana, akimeze akishafika, akiwa karibu na choo. Siku hiyo cha pili akiache. Kuruka dozi moja siku moja moja hakumwangushi mtu, ila siku mbili mfululizo, tena za hitima ambapo kuna pilau na watu wanakubembeleza uongeze, maji yanarudi.

Madafu sasa. Jirani hakusema uongo: Lasix inatoa potasiamu kwenye mkojo, na ikipungua sana misuli inakaza, mwili unalegea, moyo unapiga bila mpangilio. Kwa mtu anayetumia Lasix peke yake ningesema ale ndizi, ale machungwa yake ya shambani. Lakini mama ana Aldactone, ambayo kazi yake mojawapo ni kuizuia potasiamu isitoke, ana enalapril inayoipandisha, na kwa muda huu amekuwa na diclofenac inayozidi kuipandisha. Madafu yana potasiamu nyingi sana. Potasiamu ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo pasipo dalili yoyote ya kukuonya. Kwa hiyo madafu ya kila siku yasimame mpaka apimwe damu. Ombeni kipimo cha figo pamoja na sodiamu na potasiamu, na kirudiwe wiki moja au mbili baada ya dozi yoyote kubadilishwa. Ipo pia chumvi mbadala inayouzwa madukani kwamba ni salama kwa wenye presha. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Isiingie jikoni kwa mama.

Wifi yako. Ndiyo, ubaya upo, na asimeze hata kimoja. Miguu kuvimba kidogo jioni katika miezi hiyo ni kawaida ya wajawazito wengi, Lasix haihitajiki na inaweza kupunguza damu inayofika kwa mtoto. Ila uvimbe ukija usoni na mikononi, kichwa kikauma, macho yakaona nyotanyota, au maumivu yakakaa juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo inaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba. Ukimkojosha unaficha uvimbe na presha inabaki palepale. Aende kliniki wiki hii apimwe presha na mkojo, na kama ana dalili hizo nilizotaja aende leo.

Na kwa kuwa barua hii itasomwa na wengi, niongeze hapa. Miguu inavimba kwa sababu nyingi ambazo Lasix haina kazi nazo. Amlodipine, dawa ya presha ambayo nusu ya mtaa wetu inaimeza, inavimbisha vifundo vya miguu kwa kulegeza mishipa midogo, na nimewahudumia watu walioongezewa Lasix juu yake kwa miezi wakati ilitakiwa amlodipine ibadilishwe au ipunguzwe. Mguu mmoja tu ukivimba ghafla na kuuma, fikiria bonge la damu na uende hospitali. Ukanda wa pwani tuna matende, mguu unakuwa mgumu na ngozi nene, hakuna kidonge cha kukojosha kinachoushusha. Na mabinti wanaokuja kaunta wiki ya send-off wakitaka Lasix ili gauni likae vizuri, wanachopoteza ni maji na madini, na yanarudi yakiwa kamili kabla ya harusi. Sijamuuzia hata mmoja bila cheti na sitamuuzia.

Ramadhani mama azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, akiwa na daftari la uzito mkononi. Kwa hali aliyonayo sasa sioni daktari atakayemruhusu, na sheikh wake atamweleza vizuri kuliko mimi kuhusu mgonjwa na fidia. Akitulia kabisa na dozi ikawa ndogo, hayo yanaweza kujadiliwa upya mwaka mwingine.

Mpaka lini? Mwambie mama kwamba dawa zake hazifanani. Enalapril na Aldactone ndizo zinazoulinda moyo wenyewe usizidi kuchakaa, na hizo kwa kawaida ni za muda mrefu, hata siku anazojisikia kama msichana. Lasix inaondoa maji tu. Hiyo ndiyo daktari huipandisha na kuishusha kadiri uzito unavyokwenda, na wapo wanaofikia kidonge kimoja, au nusu, wakishatulia. Anayeishusha awe daktari, na anachotumia kuishusha ni yale maandishi ya kila asubuhi.

Kesho wabebe kila kitu kwenye mfuko mmoja: boksi lenye shaka, bahasha zote, diclofenac ikiwemo, na majani yoyote ya kuchemsha kama anatumia. Wasione haya kuyatoa. Siku atakayoruhusiwa, mdogo wako amwombe muuguzi ampime mama kilo kabla hajatoka wodini, aziandike ukurasa wa kwanza wa daftari, na zinazofuata zote zilinganishwe na hizo.